Tulikwenda Dodoma kwa Ajili ya Mhabeshi wa Mpuguso

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye sokoni Tukuyu au nje ya kanisa ananiuliza swali lile lile: "Mwalimu, mlifanikiwa?" Nimejibu kwa kifupi mpaka nimechoka, na kila mara naona kama nimedanganya, maana nikisema ndiyo si kweli, na nikisema hapana si kweli vilevile. Basi leo nimetia miguu kwenye beseni la maji ya moto, nimekaa niwaandikie. Habari za vibali na barua za mwaliko naziacha, hazina ladha.

Kwa wasionijua, mimi ni Hilda, mwalimu wa shule ya msingi. Kwetu ni Songea, ila naishi mtaa wa Bagamoyo, hapa hapa Tukuyu mjini. Parokiani ni katibu wa kamati ya haki na amani. Niliyesafiri naye ni Bibi Subilaga wa Mpuguso, mjane mwenye migomba na chai kidogo. Si Mkatoliki. Ni Mmoravian wa kuzaliwa, na alihakikisha kila mtu tuliyekutana naye njiani anajua hivyo.

Kisa chenyewe wengi mnakijua. Msimu wa mvua wa mwaka juzi, kijana Mhabeshi aitwaye Mulugeta, aliyekuwa akipelekwa Afrika Kusini, alitelekezwa na watu waliokuwa wakimsafirisha. Akajificha kwenye migomba ya bibi. Bibi alimlisha, akamlaza jikoni. Askari walipokuja waliwachukua wote wawili. Bibi aliwekwa mahabusu kwa kumhifadhi mhamiaji haramu, akaachiwa baada ya paroko wetu, Padre Anselmo, kuhangaika huku na huku. Kijana akafungwa. Kifungo chake kimekwisha zamani, lakini yumo gerezani hadi leo, kwa kuwa hakuna wa kumrudisha kwao.

Iko ofisi ya Kanisa kule Dodoma inayowasemea watu wa namna hii. Wanaomba sheria irekebishwe, ili anayempa mwenye njaa chakula asihesabiwe kuwa mfanyabiashara wa watu, na aliyemaliza kifungo arudishwe kwao upesi. Waliandaa kikao na wabunge kadhaa na watu wa wizara, wakatuomba tumpeleke bibi aseme kwa kinywa chake.

Mpuguso hadi Uyole

Padre Anselmo alitupakia kwenye pikapu ya parokia, mimi na bibi tukabanana mbele. Bibi alikuwa amevaa kitenge kipya, sweta, na koti la marehemu mumewe juu yake. Alikuwa na begi kubwa ambalo hakutaka liwekwe nyuma. Nilimuuliza kama amebeba kitambulisho chake cha taifa. Akasema, "Kipo." Nikaridhika.

Kiwira tulipita vizuri. Tulipokaribia Isongole, kwenye ukungu ule ambao huoni hata mgongo wa ng'ombe anayevuka barabara, gari likaanza kukohoa, likazima. Padre alishuka, akafungua boneti, akaitazama injini kama mtu anayemtazama mgonjwa asiye wa kwake. Wauza viazi wakaja kusaidia kutazama. Tulinunua viazi vya kuchemsha, tukala tumesimama, mikono ikipata joto. Bibi alisema viazi ni vizuri lakini si chakula.

"Bibi, kwani chakula ni nini?" nikamuuliza.

"Ndizi. Ndizi na maziwa. Hivi vingine ni vya kupitisha muda."

Fundi hakutokea. Basi letu la kutoka Mbeya lilikuwa lipite Uyole asubuhi hiyo, kwa hiyo Padre akasimamisha lori la viazi, akamwomba dereva atuchukue. Yeye akabaki na pikapu yake kwenye ukungu. Bibi alipandishwa kwa kusukumwa na watu wawili, begi likiwa kifuani. Uyole tulifika basi likiwa limeshawasha injini.

Kizuizini

Mahali penyewe sipataji jina. Ni baada ya Makambako, kwenye kimoja cha vile vizuizi ambapo basi husimama, mtu akapanda na kukagua nyuso. Mimi nilikuwa nimelala. Nilipofumbua macho nikaona kiti cha mbele yangu hakina mtu, na dirishani nikamwona bibi anatembea kwenda kwenye kibanda, ameongozana na kijana mwenye sare ya uhamiaji, na begi amelishika mwenyewe.

Niliposhuka na kuwafikia, mahojiano yalikuwa yamekwisha kuharibika. Kijana yule, mpole, mwenye lafudhi ya Tanga, alinieleza.

"Shida, mama, huyu bibi hana kitambulisho. Nimemuuliza anatoka wapi, akaniambia Kukaja. Kukaja ni Malawi?"

"Kukaja ni nyumbani," nikamwambia. "Ni Kinyakyusa. Amekuambia anatoka nyumbani."

"Sawa. Nikamuuliza ana ndugu Malawi, akasema anao."

Nikamgeukia bibi. "Ulisema hivyo?"

"Dada yangu ameolewa Kalonga," akasema. "Nimkane? Amezaa watoto saba kule."

"Na kitambulisho, bibi? Si uliniambia kipo?"

"Kipo. Kipo nyumbani, sandukuni. Nije nacho mjini kiibiwe?"

Basi liliondoka. Kondakta alituomba radhi, akatushushia mfuko wangu, wakaenda zao. Tukabaki tumekaa kwenye benchi la mbao, upepo wa pale unapita hadi kwenye mifupa. Nilimpigia Ambakisye, mtoto wa bibi, simu haikupatikana, maana alikuwa shambani kuchuma chai, na huko mtandao haufiki. Nikampigia mtendaji wa kijiji, akawa msibani. Mwisho nikampigia Padre. Alikuwa bado Isongole na pikapu yake.

Nikamweleza kitambulisho kiko wapi. Akasema, "Haya. Ngoja nitafute bodaboda."

Tukangoja. Yule ofisa kila alipopita mbele yetu aliinama kidogo na kusema, "Shikamoo bibi," na bibi akaitikia, "Marahaba," kila safari kwa sauti ya chini zaidi. Hakutufokea hata mara moja. Alituagizia chai ya maziwa na chapati kwa mama lishe wa ng'ambo ya barabara. Ila kutuachia hakutuachia.

Aliniuliza tunakwenda wapi. Nikaona hakuna haja ya kuficha, nikamweleza yote. Nilitegemea acheke au akasirike. Alikaa pembeni yangu, akavua kofia.

"Mimi nimewahi kufungua lori la mbao," akasema. "Nyuma ya mbao kulikuwa na watu. Vijana. Wengine walikuwa hawapumui tena. Sasa niambie wewe, mwalimu. Nikiwaachia wapite, wanakufa mbele ya safari. Nikiwakamata, wanakaa ndani mpaka wanasahaulika. Nifanye lipi?"

Nilimwambia ndiyo maana tunakwenda.

"Basi waambieni na sisi tumechoka," akasema, akavaa kofia yake, akaenda kusimamisha basi jingine.

Mchana ulikuwa umekwisha picha ilipoingia kwenye simu yangu: kitambulisho cha Bibi Subilaga kimelazwa juu ya goti la Padre, na suruali ya Padre imelowa tope hadi mapajani. Ofisa aliikuza, akaitazama, akamtazama bibi, akasema, "Karibu Tanzania, bibi," kwa utani. Bibi hakuuelewa utani ule. Au aliuelewa. Alimwambia, "Mimi nimezaliwa hapa kabla ya baba yako," akachukua begi lake.

Iringa, kwa masista

Tulipata basi la jioni, tukafika Iringa tumekwisha kabisa. Masista walitupokea, wakatupa maji ya moto, wakatupa ugali na mboga za majani na nyama kidogo. Bibi alikula ugali kwa heshima, bila maneno, na kwake hiyo ni adabu kubwa.

Baada ya chakula masista walisali kimya, kila mmoja ameinamisha kichwa. Bibi alidhani wanasubiri mgeni aanzishe wimbo. Akaanzisha. Alisimama akaimba wimbo wa kwao kwa Kinyakyusa, beti zote, kwa ile sauti ambayo Mpuguso inasikika hadi ng'ambo ya bonde. Nilitaka kujificha chini ya meza. Sista mkubwa alisubiri hadi mwisho, akamwambia, "Asante sana, bibi, umetubariki."

"Ndaga fijo," bibi akashukuru kwa Kinyakyusa. "Mimi si Mkatoliki."

"Tumesikia," akasema sista, na hapo ndipo wote wakacheka.

Chumbani bibi alinionyesha miguu yake. Ilikuwa imevimba, imejaa kama mikate. Nilimwambia tunaweza kurudi, hakuna atakayetulaumu. Alilala na begi lake upande wa ukutani.

Mtera na joto lake

Barabara ya Iringa kwenda Dodoma inashuka, na kadiri inavyoshuka ndivyo joto linavyopanda. Bibi alivua koti. Kisha sweta. Kisha akafungua dirisha, akalifunga tena kwa sababu upepo wenyewe ulikuwa wa moto.

"Nchi hii imeungua," akasema.

Mtera tairi lilipasuka. Tulishuka wote, tukatafuta kivuli ambacho hakikuwepo, huku wauza samaki wakavu wakitufuata na masinia kichwani. Nilitazama saa, nikajua kikao kimeshaanza. Nikampigia padre aliyekuwa anatusubiri Dodoma, yule anayesimamia shughuli yenyewe. Akasema atajaribu kukivuta. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye ameshawahi kujaribu mambo mengi ya namna hiyo.

Utingo alikuwa peke yake na jeki mbovu. Abiria wakagawanyika, nusu wakatoa ushauri, nusu wakasaidia kuinua. Bibi alikaa juu ya jiwe, akauliza kama Mulugeta naye alipita njia hii.

"Sijui, bibi. Labda usiku, ndani ya lori."

"Basi hakuona kitu," akasema.

Dodoma

Tulipofika ukumbini, watu walikuwa wanapanga viti ukutani. Wabunge walikuwa wamekwenda bungeni, kulikuwa na kura. Padre msimamizi alikuja kutupokea, mtu mrefu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimwamkia bibi kwa mikono miwili. Alisema taarifa ilisomwa, maswali yaliulizwa, watu walisikiliza vizuri. Nilipomtazama akaongeza, "Vizuri kiasi."

Nilikaa chini palepale kwenye ngazi. Kusema kweli nililia kidogo. Kilichoniliza ni uchovu tu.

Kesho yake asubuhi alifanikiwa kumrudisha mbunge mmoja, mama wa makamo, pamoja na mtu wa wizara, wakanywe chai na sisi kabla ya kwenda kazini. Hakukuwa na vipaza sauti wala kamera, bali meza yenye maandazi tu.

"Bibi, tuambie ilivyokuwa," mbunge akasema.

Bibi alieleza kwa Kiswahili chake, na kilipomwishia akaingiza Kinyakyusa, mimi nikafasiri kwa kile kidogo nilichojifunza. Alisema alisikia mbwa wanabweka, akadhani ni mwizi wa ndizi, akatoka na panga. "Nilitaka kumkata," akasema. "Nisiwadanganye. Mwaka ule walikuwa wameniibia mikungu mingi." Akamkuta kijana amepiga magoti kwenye tope, mikono juu, mguu mmoja umevimba kama gogo. Akamwambia isaga, njoo. Kijana hakuelewa. Akamwonyesha kwa panga lile lile njia ya kwenda jikoni, kijana akazidi kulia, akidhani anapelekwa kuuawa.

Mtu wa wizara alitabasamu, kisha akaacha. "Kwa nini hukutoa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji?"

"Nilikuwa nakwenda. Nilisema kwanza ale, mguu upungue, halafu niende."

"Lakini ulijua kwamba sheria inakataza?"

Bibi alifikiri. "Nilijua kuwa mtu hawezi kukaa kwa watu hivi hivi tu. Hata ng'ombe akija wa mwenzio, unasema. Ila unamfunga kwanza, unampa majani. Humwachi afe ndipo useme."

Mtu wa wizara alieleza, bila dharau, kwamba wasafirishaji wa binadamu hujificha nyuma ya watu kama bibi, na kwamba sheria ikilegea wao ndio wa kwanza kupenya. Padre msimamizi akamjibu kwamba hawaombi ilegee, wanaomba itofautishe. Walibishana kwa upole kwa muda, maneno ambayo ni wazi waliwahi kubishana tena na tena. Mbunge aliandika jina la Mulugeta. Alisema atauliza. Hakuahidi zaidi ya hapo, na nilimheshimu kwa hilo.

Walipoondoka, bibi alifuta makombo ya andazi kwenye kitenge chake, akanigeukia.

"Sasa wanamleta saa ngapi?"

"Wanamleta nani, bibi?"

"Mtoto. Si ndiyo tumemfuata?"

Alivuta begi, akalifungua. Ndani kulikuwa na suruali ya Ambakisye, shati, sweta la sufu, na viatu vya mpira. Njia yote ile alikuwa ameshika nguo za kumvalisha, ili arudi naye kwenye basi asione baridi ya Isongole. Tulikuwa tumemweleza yote, kamati nzima, zaidi ya mara moja: kikao, sheria, marekebisho, ushuhuda. Yeye alikuwa amesikia kwamba tunakwenda kwa wakubwa kwa ajili ya Mulugeta.

Nikamweleza upya. Alinisikiliza hadi mwisho, akafunga begi.

"Ungesema," akaniambia.

Kurudi, kupitia gerezani

Sitaeleza njia ya kurudi. Ni ile ile, na tulikuwa hatuzungumzi sana. Padre msimamizi alitufanyia mpango mmoja tu: kabla ya kufika nyumbani, tupite kwenye gereza anamoshikiliwa Mulugeta, tukutane na sista anayetembelea wafungwa, atuingize.

Aliletwa akiwa amekonda, nywele zimenyolewa. Alipomwona bibi alisimama mlangoni, akashika ukuta. Kisha akapiga goti.

"Shikamoo, bibi. Habari za Mpuguso? Ng'ombe yule wa madoa hajambo?"

Bibi aliniangalia kwa hofu. Siku alipochukuliwa, kijana huyu hakuwa na neno hata moja la Kiswahili. Sasa anakizungumza kama mtoto wa Mbeya, na misemo ya vijana juu yake. Ndipo tulipoona ni muda gani amekaa mle ndani.

"Bibi, siku ile na panga," akasema, "nilijua leo nimekwisha."

Bibi akacheka. Tangu Mpuguso sikuwa nimemsikia akicheka. Walicheka wote wawili hadi askari magereza akageuza uso.

Nilimweleza Mulugeta tulikotoka na tulichoomba: arudishwe kwao, yeye na wenzake. Nilidhani atafurahi. Alitazama chini.

"Mwalimu, nashukuru. Lakini hakuna aliyeniuliza." Alizungumza taratibu, hataki kutuumiza. "Baba aliuza maksai wake wawili wa kulimia, ili mimi nisafiri. Nitarudi nimeshika nini? Huku nateseka, ndiyo. Kule nitawatazamaje?"

Nilihisi uchovu wa njia nzima unanishukia kwa mara moja. Isongole, kizuizi, Mtera, maandazi yale. Kote kule tulimsemea, na kweli hatukuwa tumemuuliza.

Bibi ndiye aliyeuliza. "Mama yako yupo?"

"Sijui, bibi. Tangu nitoke sijasikia sauti yake."

"Mwalimu, andika kijiji chake."

Nikaandika: jina la kijiji, kusini mwa Ethiopia, la mama, la baba, na la kanisa lililo karibu. Askari akasema muda umekwisha. Nguo zile sista alizipokea, akasema ataona kama zitaruhusiwa.

Nyumbani

Nilituma yale majina Dodoma. Padre msimamizi akayatuma kwa padre mwenzake aliyesoma naye, yule akayatuma kwa mwingine. Nilirudi darasani, nikasahihisha madaftari yaliyonisubiri, nikasema moyoni kwamba na hili nalo limekwenda.

Jumamosi iliyopita iliingia sauti kwenye simu yangu. Niliichukua hadi Mpuguso. Nilimkuta bibi anamenya ndizi, nikaketi kwenye kigoda, nikaifungulia. Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, anazungumza haraka, anasimama, anavuta pumzi, anaendelea. Nyuma yake kuku wanalia. Bibi aliacha kumenya.

"Analia au anagomba?"

"Sijui, bibi."

"Rudisha tena."

Nikarudisha. Chini yake padre wa kule alikuwa ameandika tafsiri, nikamsomea. Mama alikuwa anasema baba yake Mulugeta alifariki mwaka jana. Shamba wanalimiwa na majirani. Wadogo zake wamekua, wanamuuliza kaka yao anafananaje. Alisema asikae kule kwa sababu ya maksai, na kwamba yeye anagomba kwa sababu alikuwa ameshamlilia kama marehemu. Aje.

Juzi sista alimsikilizisha Mulugeta, kwa ruhusa, mbele ya askari. Alisikiliza amesimama. Alimlilia baba yake. Kisha akamwambia sista amwandike miongoni mwa wanaoomba kurudi.

Kwa hiyo sasa anataka kwenda, na bado hakuna wa kumpeleka. Mbunge ameuliza, ameambiwa suala linafanyiwa kazi. Sheria iko kama ilivyokuwa. Padre msimamizi amenipigia, wanaandaa kikao kingine, anataka safari hii wabebe sauti ya mama yule, na kama bibi hawezi wataelewa.

Nilikwenda kumwambia bibi kwamba hapaswi kwenda, miguu yake bado haijashuka. Alikuwa ameegemea nguzo ya jiko, miguu juu ya gunia.

"Kikao ni cha kumchukua, au ni cha kuzungumza?" akaniuliza.

"Ni cha kuzungumza, bibi."

Aliitazama migomba yake.

"Basi waambie nitakuja," akasema. "Ila safari hii nimeelewa."